Tableti imekwama kwenye logo: ujaribu mwenyewe, umpe fundi wa mtaani, uirudishe kwa kampuni ama ununue nyengine?

Wajua ile hali, tableti yawaka, logo yatokea, moyo unatulia kidogo, halafu yazima. Yawaka tena, logo, yazima. Ama logo inakaa pale pale nusu saa, kifaa chapata moto mkononi na hakuna kinachoendelea. Hizi wiki mbili hapa Majengo, Mombasa, nimeletewa mbili za hivyo, moja ya mtoto wa jirani anayofanyia homuwaki na moja ya khalati yangu wa Mji wa Kale, na swali ni lile lile: sasa nifanye nini, nijaribu mwenyewe, nimpelekee fundi, niirudishe nilikonunua, ama niachane nayo?

Njia moja inayofaa watu wote haipo. Ya mtoto ilitaka kitu kimoja na ya khalati yataka kitu chengine kabisa, na zote mbili ukiziweka mezani dalili zake zafanana. Kwa hivyo tuanze na vya kuangalia, halafu tupitie njia zenyewe.

## Mambo manne ya kujiuliza kabla hujagusa kitufe

La kwanza ni kilicho ndani. Hili naliweka mbele ya bei na nna sababu. Miaka michache nyuma khalati huyu huyu alikuwa na tableti nyengine, ikakwama hivi hivi, binamu yangu akaichukua asubuhi akampa fundi mmoja mjini, akaambiwa aje baada ya laasiri. Laasiri ikafika, tableti yawaka safi kabisa, bei nzuri, kila mtu kafurahi. Khalati kuifungua, tupu. Ilikuwa na video ya bibi akimfundisha msichana wetu kushona kofia, dakika kumi na kitu, mikono ya bibi na sauti yake akihesabu mishono, na bibi alikuwa ashafariki. Yule fundi hakufanya ubaya wa kukusudia, aliambiwa "itengeneze" na akaitengeneza. Hakuna aliyemwambia kuwa ndani mna kitu.

Kwa hivyo lijue hili mapema: dawa nyingi zinazoamsha tableti ndo hizo hizo zinazofuta kila kitu. Na usitegemee kuwa picha zako zitatolewa baadaye, manake tableti za Android zilizotoka na Android 10 kwenda mbele hufunga data kwa msimbo, ufunguo wake unakaa kwenye bodi ya tableti yenyewe, ukishariseti, yaani kuirudisha ilivyotoka kiwandani, basi, hata chipu ya memori ikitolewa haisomeki kitu. iPad nayo ni vile vile.

Hebu basi kabla ya lolote ingia Google Photos kwa simu, kwa akaunti ile ile iliyoko kwenye tableti, uone picha za mwisho ni za lini. Usidhani tu kuwa "zajiweka zenyewe". Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure, pamoja na barua pepe na Drive, na ikijaa bekapu yasimama, na mtu aweza kukaa miaka miwili akidhani picha zake ziko salama. Ukifanyia hii kazi saiba, usisahau kutoka kwenye akaunti.

La pili ni pesa, na hapa linganisha bei ya kutengeneza na bei ya tableti kama hiyo ikiuzwa leo mkononi, si bei uliyonunulia wewe. Mimi mwenyewe gharama ikizidi nusu ya hiyo bei huanza kusita.

La tatu ni muda, yaani waweza kukaa siku ngapi bila hiyo tableti.

La nne ni dalili. Ikiwa yafika kwenye logo na kukwama, mara nyingi ni programu ama memori ya ndani. Ikiwa yazima hata kabla ya logo, ama yatetemeka tu na kunyamaza, shuku betri, tundu la chaji ama chaja. Ikiwa ilianguka ama iliingia maji siku mbili kabla, usipoteze muda na mambo ya programu.

## Njia ya kwanza: kujaribu mwenyewe nyumbani

Pesa na muda: karibu bure, na ni kazi ya nusu saa mpaka jioni nzima.

Data: inategemea utasimama wapi. Hatua za mwanzo hazigusi kitu, ya mwisho yafagia nyumba nzima.

Kazi yenyewe: anza na vitu vinavyoonekana vidogo. Vua kava. Kuna kava zinabana kitufe cha pawa, na kitufe kikibaki kimezama tableti itajiwasha na kujizima mpaka ukonde, kumbe programu haina shida yoyote. Toa kadi ya memori, manake kadi mbovu yaweza kuikwamisha tableti inapowaka, na ukishaitoa ichomeke kwa simu uangalie, huenda nusu ya picha unazozililia ziko humo (isipokuwa kama ilikuwa imeunganishwa na stoo ya ndani, hapo haitasomeka kwengine).

Halafu chaji. Tableti ya inchi 10 betri yake hufika hata 7000 mAh, kubwa kuliko ya simu nyingi, na watu waichomeka kwenye kichaja cha zamani cha simu ndogo. Yachaji kidogo, yafika kwenye logo, na pale inapowaka ndo yavuta umeme mwingi zaidi ya ule chaja inaoleta, yazima. Ukiona hivyo kila mara, shida si tableti. Tafuta chaja yake ama yenye nguvu ya kutosha, waya mzima, uiache saa moja bila kuigusa hata kama skrini ni nyeusi tii, betri iliyokauka kabisa huchukua muda kuonyesha dalili yoyote.

Ile ya mtoto wa jirani nilimulika tochi ndani ya tundu la chaji. Wale vipini vidogo vya ndani, viwili vilikuwa na ukijani kijani kama sufuria ya shaba iliyokaa bila kusuguliwa, na pembeni kuna vumbi lililoshikana kama tope kavu. Hapa kwetu ni kawaida, upepo wa bahari una chumvi, unyevu uko mwaka mzima, madirisha yanayotoka kutu yayo hayo ndo yanayotuonyesha kinachofanyika ndani ya tundu la chaji. Nikaizima kabisa, nikachukua mswaki mpya mkavu wenye nywele laini, nikauchovya kidogo kwenye spiriti ya isopropili, nikapitisha polepole bila kukandamiza, nikaiacha ikauke. Jioni ikashika chaji, na ilipofika asilimia thelathini nikaiwasha ikaenda moja kwa moja mpaka mwisho. Tafadhali usitumie sindano wala pini, ukivunja kipini kimoja umeitengenezea shida nyengine.

Kama chaji ni sawa, jaribu kuilazimisha izime na kuwaka upya. Samsung, shika pawa na kitufe cha kupunguza sauti pamoja kwa sekunde kumi hivi ama zaidi kidogo. Nyengine nyingi za Android, shika pawa peke yake mpaka sekunde thelathini. iPad yenye kitufe cha duara mbele, shika hicho kitufe na cha juu pamoja mpaka logo itokee. iPad isiyo na duara, bonyeza na uachie haraka kitufe cha sauti kilicho karibu na kile cha juu, halafu bonyeza na uachie kile chengine cha sauti, halafu shika kitufe cha juu mpaka logo. Hii haifuti chochote, na utashangaa ni ngapi zimepona hapo.

Ikiwa yawaka lakini yajizima baada ya dakika, iwashe kwenye hali salama, Samsung ni kushika kitufe cha kupunguza sauti pale logo inapotokea. Itawaka bila programu ulizoweka wewe. Ikitulia, basi mkosaji ni kitu ulichoweka karibuni, kitoe.

Baada ya hapo kuna menyu ya matengenezo. Samsung iliyozimwa, shika pawa na kuongeza sauti, na zile zenye Android 11 kwenda mbele mara nyingi zataka uwe umeichomeka kwenye kompyuta kwa waya. Ndani kuna "Wipe cache partition", hii yafuta takataka za mfumo tu, picha zako zabaki. Lakini tahadhari sana, juu yake tu kuna "Wipe data/factory reset", na hiyo ndo inayofuta kila kitu. Zimekaa jirani, waenda juu na chini kwa vitufe vya sauti, kidole kikiteleza mara moja umeshamaliza. Soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza pawa.

iPad ina kitu kizuri hapa. Ukiichomeka kwenye kompyuta ikiwa kwenye hali ya matengenezo, kompyuta itakuuliza "Update" ama "Restore". Chagua "Update" kwanza, hiyo yaweka mfumo upya bila kugusa vitu vyako. "Restore" ndo yafuta. Intaneti ikiwa ya kuchechemea, mfumo ukachukua zaidi ya dakika 15 kushuka, iPad yatoka yenyewe kwenye ile hali, usiogope, acha imalize kushuka halafu rudia.

Kuriseti kabisa kwangu mimi si hatua ya kujaribia, ni uamuzi. Na kabla hujaamua hakikisha wajua barua pepe na paswadi ya akaunti iliyokuwa ndani, manake Android tangu 5.1 ikirisetiwa kupitia hiyo menyu yaja kukuuliza akaunti ile ile ya Google, na iPad yauliza akaunti ya Apple. Nimeona watu wakipata tableti inayowaka vizuri na hawawezi kuingia.

Na kama mgongo umejikunja ama skrini imeinuka upande, betri imevimba. Hapo acha kuchaji, usiibonyeze, usijaribu kuifungua mwenyewe.

Inamfaa nani: aliye na subira, ambaye tableti yake haijaanguka wala kulowa.

## Njia ya pili: fundi wa mtaani

Mwembe Tayari, Digo Road, Kongowea, Bamburi Mtambo, huwezi kutembea hatua mia bila kuona meza ya kioo na taa ya kumulikia. Na wapo mafundi wenye mikono ya ajabu, niseme wazi, kazi ya kubadilisha tundu la chaji ama betri wanaifanya mbele ya macho yako na inakaa.

Pesa: mnapatana, na hapo ndo pazuri na pabaya. Uliza bei ya kupima peke yake, uliza ikishindikana walipa nini, uliza betri anayoweka ikileta shida baada ya wiki itakuwaje. Fundi wa maana hakasiriki ukimuuliza.

Muda: kifaa kikiwepo ni siku hiyo hiyo. Kikiwa hakipo chaagizwa Nairobi, Luthuli huko, kinakuja na basi, ongeza siku mbili tatu.

Data: hapa ndo pa kukaa imara. Mwambie kabla hajaishika, "Ndani mna picha ninazozitaka, usiriseti wala kuflashi kabla hujaniuliza." Na ikifika kuflashi Samsung, yaani kuiwekea mfumo upya kwa kompyuta, muulize atatumia faili gani, manake kuna la CSC ambalo lafuta na kuna la HOME_CSC ambalo laacha data yako ilivyo. Fundi anayejua kazi atakujibu palepale. Asiyejua atasema zote ni sawa, na hapo chukua tableti yako uende meza nyengine. Muonyeshe pia namba ya modeli iliyoko mgongoni, SM-T500 na SM-T505 kwa macho ni tableti moja, lakini moja ni ya waifai tu na nyengine ya laini, na programu zake si moja.

Toa laini na kadi ya memori ubaki nazo. Paswadi usiandike kwenye karatasi ya kubandikwa mgongoni, fungua wewe mwenyewe pale pale akitaka kujaribu. Kama waweza, kaa. Vuta kiti, agiza chai, kaa.

Hatari: vifaa vya bandia, na fundi kukimbilia kuflashi kwa vile ndo rahisi kwake. Yule unayemtaka huanza kwa kupima, aichomeka kwenye kale kamashine kanakoonyesha umeme unaoingia, aweka mita kwenye betri, ndo asema.

Inamfaa nani: ambaye tableti yake imetoka nje ya waranti na dalili zaonyesha kifaa, yaani betri, tundu, kitufe, ama ilianguka. Pia mwenye data anayoitaka, maadam atakaa pale.

## Njia ya tatu: kuirudisha kwa kampuni ama wakala wake

Pesa: ikiwa ndani ya waranti na kosa si lako, bure. Nje ya waranti mara nyingi ndo ghali kuliko zote, manake wao hupenda kubadilisha bodi nzima badala ya kutafuta kile kidude kimoja kilichokufa.

Muda: si wa haraka. Nyingi hupokewa hapa Mombasa na kupelekwa Nairobi, jiandae kwa wiki na zaidi. Apple haina duka lake lenyewe Kenya, ni mawakala walioidhinishwa, kwa hivyo uliza kabla ya kutoka nyumbani kama wanapokea iPad ama simu tu.

Data: chukulia itafutwa. Karatasi utakayosaini kwa kawaida yasema hivyo, isome.

Hatari: ni kukataliwa. Ndani ya vifaa vingi kuna kistika cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, wakikiona chekundu waranti imekwisha. Na kama kuna fundi ashaifungua watajua. Ndo maana risiti yako ikiwa ya miezi sita, tafadhali usianzie Mwembe Tayari hata kama ni karibu, utakuwa umeitupa haki yako kwa haraka ya siku moja.

Inamfaa nani: mwenye risiti, mwenye waranti, ambaye picha zake ziko kwingine salama. Pia ofisi na madrasa zilizonunua nyingi kwa pamoja.

## Njia ya nne: kuiacha na kununua nyengine

Hii watu huiona kama kushindwa. Kuna tableti ambazo kuzitengeneza ni kuzitesa, hasa zile za bei ya chini zenye GB 16 ndani. Memori yake huchoka kwa kuandikwa na kufutwa, na ikichoka ndo waona yarisetiwa leo, yakaa wiki tatu, yarudi kwenye logo. Ukishairiseti mara mbili na ikarudi, pesa ya mara ya tatu iweke kwenye mpya.

Pesa: kubwa kwa mkupuo. Muda: leo leo. Data: ya ndani umeiaga, isipokuwa iliyoko kwenye kadi na akaunti. Hatari: ziko kwenye zilizotumika, zile za kutoka Uingereza. Iwashe dukani kutoka mwanzo kabisa, na iPad ikikuuliza akaunti ya mtu usiyemjua, irudishe mezani hata iwe rahisi namna gani. Ichaji pale dakika kumi, ingia waifai, pitisha kidole kwenye kila kona ya skrini.

Inamfaa nani: mwenye tableti ya zamani isiyopata tena programu mpya, ama mzazi ambaye mtoto ana kazi za shule kila siku na hawezi kungoja. Ile mbovu usiichome na takataka, betri ya lithiamu yashika moto vibaya.

## Sasa wewe uko wapi?

Ikiwa waranti ipo na picha ziko salama, nenda kwa kampuni na usiifungue popote. Waranti ipo lakini picha hazina bekapu, fanya zile hatua za nyumbani zisizofuta, ukifika mwisho wake hapo ndo uchague kipi chakuuma zaidi, picha ama pesa.

Waranti imekwisha na yakataa kuchaji ama yazima kabla ya logo, safisha tundu, badilisha chaja, halafu fundi. Ilianguka kutoka kwenye tuktuk ama ilimwagikiwa chai, usiichaji kabisa, izime, fundi siku hiyo hiyo.

Yakwama kwenye logo, haina kitu cha maana ndani na paswadi ya akaunti unayo, iriseti mwenyewe usiku huu, huna haja ya kumlipa mtu. Ushairiseti mara mbili, anza kuweka akiba ya nyengine.

Ya khalati ni ya mwaka wa nne, waranti hakuna, na bekapu yake ilisimama siku nyingi kwa sababu GB 15 zilijaa. Nimevua kava, nimeichaji usiku kucha, nimefuta zile takataka za mfumo, bado iko kwenye logo, na hapo nimesimama. Jumamosi asubuhi naenda nayo mwenyewe Mwembe Tayari kwa fundi mmoja ambaye nilimpigia nikamuuliza kuhusu HOME_CSC, akanijibu kabla sijamaliza swali. Khalati asema yuaja pia, atakaa pale kwenye benchi mpaka iwake.